Ubao Ulioazimwa

Mafundi wenzangu, wasimamizi, na ninyi vijana wa chuo cha ufundi VETA mliosimama nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Leo sianzi na kofia ngumu. Kofia naiheshimu, imeokoa vichwa vingi. Lakini haizuii mtu kuanguka, na katika nchi nyingi kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa kuua watu wa ujenzi.

Niwape niliyoyaona. Nilikuwa nyapara kwenye ghorofa moja. Asubuhi maseremala waliishiwa mbao za boksi la nguzo. Mmoja akapanda kwenye jukwaa la ujenzi, akachomoa ubao wa kukanyagia, akasema, "Naazima tu, mchana narudisha." Hakuwa na nia mbaya, zege lilikuwa linasubiriwa na kila mtu alikuwa mbioni. Saa nane hivi saidia fundi akapita pale na karai la lipu begani. Ukiwa na karai begani, upande ule huoni unapokanyaga. Alikanyaga ubao wa jirani, ambao sasa ulikuwa umelala bila kufungwa, ukabinuka. Tulipomfikia, lipu ya karai lile ilikuwa inachuruzika ukutani, mbichi. Alifia njiani kupelekwa hospitali. Ilikuwa siku yake ya nne kazini.

Mimi nilimwona yule seremala akishuka na ubao. Nilimwona, nikanyamaza.

Msibani watu walisema kijana hakuwa makini. Jamani, mtu akianguka mita 5 hutumia sekunde moja kufika chini, kwa mwendo wa kama kilomita 35 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na bodaboda iliyo kwenye mwendo. Katika sekunde hiyo umakini utamsaidia nini? Aliyetakiwa kuwa makini ni sisi tuliokuwa chini, saa nyingi kabla.

Kwa hiyo jukwaa liwe na mwenyewe. Mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, ndiye pekee wa kuongeza au kutoa ubao, na seremala akitaka mbao aende stoo. Mbao zibanane, zifungwe ncha zote mbili. Pembeni kuwe na reli ya kiunoni, reli ya katikati, na ubao wa chini wa kuzuia tofali lisimdondokee aliye chini. Mirunda, zile nguzo za jukwaa, isisimamishwe juu ya vipande vya tofali. Iwekewe ubao mpana, maana mvua ya usiku mmoja inatosha kuizamisha. Kila asubuhi likaguliwe kabla mtu hajapanda, na mvua ikikatika likaguliwe tena. Mkanda wa usalama nao ufungwe kwenye kitu kitakachombeba mtu, si kwenye mrunda unaotikisika ukiushika kwa mkono.

Mashimo ya msingi yanahitaji siku yake. Kwa leo kumbukeni tu kwamba kuta zake zinaweza kumporomokea mtu, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi.

Na vibarua wa siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, Na. 5 ya 2003, inamtwisha mwajiri usalama wa wanaomfanyia kazi, na kibarua ni mmoja wao. Andikeni jina lake na simu ya nyumbani kwao kabla hamjampa koleo. Siku ile tulizunguka hadi magharibi tukiuliza nani anawajua ndugu zake.

Sasa tutoke nje. Kuna jukwaa upande wa mashariki wa jengo hili. Nimelipita nikiingia, na sakafu yake ya pili ina ubao mmoja pungufu. Nimeomba mafundi washuke kwanza.