Bangi Ilisikika, Isiolo Haikusikika

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu mliotoka Pate na Kizingitini kuja hapa Ngomeni, Lamu. Najua maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, basi sitawachelewesha, naingia kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2022 wagombea urais wa Kenya walikuwa wanne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure. Nikiwauliza Wajackoyah aliahidi nini, mtanijibu kulima bangi na kufuga nyoka. Kweli, aliahidi. Lakini alisema pia kwamba angehamisha mji mkuu kutoka Nairobi kwenda Isiolo. Isiolo, jamani! Barabara ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, inayotoka kwenye bandari yetu inaelekea wapi kama si huko? Mji mkuu ukihamia Isiolo, Lamu inakuwa mlango wa nchi. Labda wazo lilikuwa bovu, labda halina fedha. Ni mwandishi gani alimkalisha akamuuliza fedha zingetoka wapi, na ardhi za watu wa njiani zingekuwaje? Sisi wanahabari tulimuuliza bangi, tukamuuliza tena bangi.

Mwaure naye ni nani hapa anayekumbuka hata ahadi yake moja? Mdahalo wa tarehe 26 Julai uligawanywa mafungu mawili kwa kutazama kura za maoni: walio chini ya asilimia 5 mapema, wakubwa baadaye. Wajackoyah alikataa mpango huo akaondoka, Mwaure akabaki jukwaani peke yake. Raila hakwenda, na Ruto naye akajibu maswali peke yake. Tazameni mzunguko huo: mtu hasikiki kwa sababu hana kura za maoni, na kura za maoni hapati kwa sababu hasikiki. Katiba yetu, kifungu cha 92, inataka sheria ya kugawa muda wa hewani kwa haki. Haki hiyo ni yako wewe msikilizaji kabla ya kuwa ya mgombea.

Na msidhani wakubwa ndio walihojiwa sawasawa. Ruto alikuwa na Hazina ya Hasla, ya mikopo kwa watu wa kipato cha chini, ya Sh50 bilioni, Raila na Sh6,000 kila mwezi kwa familia maskini. Tulizitangaza mchana na usiku, lakini hesabu zake tulizigusa juujuu, tukarudi kwenye nani kamtukana nani.

Kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi waliodhurika na ujenzi wa bandari walipwe Sh1.76 bilioni. Kampeni za 2022 zikipamba moto, watu wetu walikuwa bado wanangoja. Nilimwandikia mhariri wangu habari ya kuwauliza wagombea wote wanne swali moja: mtawalipa lini? Akanijibu nimtafutie vijana wa hapa mjini waseme wanaionaje bangi. Nikaenda nikawatafuta. Swali la wavuvi nikalikunja, na hilo ni kosa langu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Safari hii sitaki maswali yatoke Nairobi. Daftari liko pale mlangoni, kwa yule binti mwenye buibui. Kila mmoja aandike swali moja, asiyejua kuandika amwambie binti huyo amwandikie. Nitalipeleka kwa kila mgombea, mkubwa na mdogo, nao watakaokaa kimya nitawasoma majina yao hapahapa.