Kitundikio cha makoti cha mbao: vigingi vitano, bila msumari hata mmoja

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena karakana. Hapa Njombe ni Julai, na wanaoijua Njombe wanaijua Julai yake: ukungu unafika hadi mlangoni, na koti halivuliwi kabla ya saa tano. Nyumba ya watu watano ina makoti matano, sweta za shule, mwavuli, na vyote vinaishia kwenye migongo ya viti. Leo tunatengeneza kitundikio cha ukutani. Wengine wanakiita henga, sawa tu.

Cha kwanza nilichotengeneza kwangu nilikipigia misumari ya inchi nne. Makoti yalikuja na mvua, misumari ikashika kutu, na doa la kutu kwenye sweta jeupe la shule halitoki ufue utakavyofua. Halafu misumari ikaanza kuinama, makoti yakawa yanateleza usiku na kuanguka. Ndipo nikahamia vigingi vya mbao, na sijarudi nyuma.

Tuanze na mbao. Hii ni paina, inchi moja kwa sita. Huku kwetu na kule Mafinga, upande wa msitu wa Sao Hill, paina ndiyo mbao ya kila siku, nyepesi na rahisi kupiga randa. Chagua kipande kisicho na fundo kubwa, hasa pale vigingi vitakapokaa. Kiinue usogeze jicho kwenye ncha, utazame kama kimejikunja. Kisha kiweke shavuni. Ukisikia ubaridi wa unyevu, mbao bado mbichi. Irudishe kivulini, ipange juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, uiache wiki kadhaa. Kwenye ukungu kama huu inachukua muda zaidi.

Vigingi sivitengenezi kwa paina, ni laini mno. Natumia mpini wa dekio wa mbao ngumu, una unene wa milimita 22. Ukiwa na mabaki ya mninga au mkaratusi mkavu, yachonge yawe mviringo kwa randa, yanafaa zaidi. Muhimu viwe vikavu kabisa. Kigingi kibichi kikikauka kinasinyaa, na kikisinyaa kinacheza kwenye tundu.

Pima ubao sentimita 90, weka skwea, piga mstari, kata. Piga randa pande zote mbili, mpaka unene ubaki kama sentimita mbili. Vigingi kata vitano, sentimita 13 kila kimoja. Ncha moja izungushie msasa mpaka iwe duara laini. Usiiruke hatua hiyo, ncha yenye kona inatoboa bega la koti.

Sasa alama. Nafasi zinahesabiwa kutoka mwisho wa ubao: 9, 27, 45, 63, 81. Yaani sentimita 18 kati ya kigingi na kigingi, na 9 zinabaki kila upande. Kwa kimo, matundu yawe sentimita 5 kutoka ukingo wa chini. Yasiwe katikati. Sababu yake mtaiona tukifika ukutani.

Sogeza kamera hapa. Kigingi hakiingii wima, kinainuka kidogo kuelekea juu, digrii 10 hivi, ili koti lisiteleze. Bila kifaa cha kupimia pembe unafanya hivi: chukua kipande cha mbao, pima sentimita 10 kwenda mbele, panda sentimita 1 na milimita 8, unganisha, kata. Hiyo ndiyo pembe yako. Laza ubao uso ukiwa juu, ukingo wa juu uwe mbali nawe. Simamisha kipande hicho kando ya alama ya tundu, halafu inamisha drili ifuate mwinamo wake, kichwa cha drili kikielekea ukingo wa juu. Ukiinamisha kuja kwako, vigingi vitatazama sakafu. Hakikisha mara mbili kabla ya kutoboa.

Weka mbao chakavu chini, uibane pamoja na ubao. Biti, yaani chuma cha drili kinachotoboa, ikitokea upande wa pili bila kitu chini, inachana nyuzi. Na jaribu tundu la kwanza kwenye mbao chakavu: kigingi kiingie kwa kugongwa polepole. Kikiingia chenyewe, biti ni kubwa.

Hapa ndipo kwenye siri ya kazi nzima, tusiharakishe. Gundi peke yake haitoshi, tunaongeza kabari. Ncha ya kigingi itakayoingia kwenye ubao, ikate kwa msumeno mwembamba mkato wa sentimita moja na nusu. Chonga kabari ndogo ya mbao ngumu, upana sawa na kigingi. Paka gundi ya mbao ndani ya tundu na kwenye kigingi, ingiza kutoka mbele mpaka kitokeze kidogo nyuma. Kisha geuza ubao, uangalie mkato umelala vipi. Lazima ukatize nyuzi za ubao. Nyuzi zinakwenda kushoto na kulia, basi mkato usimame juu na chini. Ukiulaza sambamba na nyuzi, kabari itaupasua ubao kama kuni, na umepoteza kazi ya siku. Weka gundi kwenye kabari, gonga taratibu mpaka mlio wa nyundo ubadilike na kuwa mzito. Hapo imebana. Acha.

Kesho yake, kata kilichotokeza nyuma, piga randa pawe sawa na ubao.

Msasa anza na namba 80, kisha 120, malizia 180, ukifuata nyuzi. Futa vumbi. Penye utomvu wa paina, pangusa kwa kitambaa chenye thina. Vanishi paka nje, penye hewa, mikono miwili au mitatu, kila mkono ukauke kwanza. Vigingi vipakwe vyote, maana ndivyo vinavyopokea maji ya makoti. Usitundike nguo kabla ya siku kadhaa kupita, vanishi changa inashika kitambaa.

Twende ukutani. Koti likining'inia, linavuta sehemu ya juu ya ubao itoke ukutani, huku ukingo wa chini ukisukuma ukuta. Ndiyo maana vigingi tumeviweka chini na skrubu zinakaa juu, sentimita 4 kutoka ukingo wa juu: moja kwenye alama ya 18, nyingine kwenye 72. Kwa mtu mzima vigingi viwe sentimita 160 kutoka sakafuni. Watoto watengenezee chao chini, sentimita 110, watajifunza kutundika wenyewe. Usitoboe ukuta juu ya swichi au soketi, nyaya hupita hapo.

Ukuta wa tofali la kuchoma au la saruji, toboa kwa biti ya zege ya milimita 8, kina sentimita 6, ingiza fisha, kile kidude cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, funga skrubu ya milimita 70. Plasta haishiki kitu, fisha ipite iingie kwenye tofali lenyewe.

Nyumba za tofali bichi bado ni nyingi huku, na humo fisha inang'oka na udongo wake. Chimba tundu la ngumi kila penye skrubu, ndani liwe pana kuliko mdomoni. Tia kipande cha mbao ngumu kilichochongwa vivyo hivyo, kipana nyuma, chembamba mbele. Kijazie saruji na mchanga pande zote, ukiache wiki nzima. Skrubu inaingia kwenye kipande hicho.

Weka pima maji juu ya ubao kabla ya kukaza skrubu ya pili. Sasa mwanangu, lete ndoo ya lita 10, ijaze. Tunaitundika kigingi cha kwanza... cha pili... tunavijaribu vyote vitano, kimoja kimoja. Angalieni pale juu, kati ya ubao na ukuta. Hakuna mwanya. Lete lile koti lako la shule.