Lenzi Ndefu na Majabali ya Moto

Mwangaluka! Naona mlioitikia salamu ya Kisukuma ni wachache. Waliotoka Dar watafundishwa na wenzao tukimaliza.

Nianze na aibu yangu. Nilipopata lenzi yangu ya kwanza ya kuvuta, milimita 70 hadi 300, nilipanda Capri Point, hapa Mwanza, saa saba mchana nikapige mitumbwi iliyokuwa mbali ziwani. Picha zote zikatoka kama nimepigia juu ya sufuria inayochemka. Nikampelekea fundi lenzi. Akakaa nayo siku mbili, akasema ni nzima, akataka chake. Nikalipa.

Mbaya wangu alikuwa chini ya miguu: yale majabali. Jua likiyachoma tangu asubuhi, hewa iliyo juu yake hupata moto na kupanda, na hewa ya moto haipindi mwanga sawa na ya baridi. Mwanga wa mtumbwi unafika kwenye kioo umeshayumbishwa. Lenzi inaukuza mtumbwi, na hewa inayocheza inakuzwa pamoja nao. Kwa hiyo ukiona picha za mchana zimelainika, usikimbilie kununua ya 600. Shuka hadi ukingoni mwa maji, jabali la moto libaki nyuma yako. Au amka mapema, mawe yangali baridi.

Sasa bei, maana najua ndiyo iliyowaleta. Kwa nini 300 moja utaimudu na nyingine inalingana na bei ya pikipiki? Gawa 300 kwa 2.8, namba ya f iliyoandikwa kwenye ile ya ghali: unapata 107. Hizo ni milimita za upana wa tundu la kupitisha mwanga, kwa hiyo kioo cha mbele hakiwezi kuwa na upana mdogo kuliko hapo. Gawa 300 kwa 5.6 ya ile ya bei nafuu, unapata kama 54 tu. Unalipia kioo. Mwenye 5.6 anapokea robo ya mwanga wa mwenye 2.8, basi apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, aishi kwa amani. Na kama kamera yako ni ya sensa ya APS-C, ile sensa ndogo ya kunasa picha, kama za wengi humu, 300 yako inaona eneo dogo kama 450 kwenye sensa kubwa. Tayari mnayo ndefu, hamjajua tu.

Kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga: mkononi, usishuke chini ya 1/500 ya sekunde ukiwa umevuta mpaka mwisho. Kitulizaji cha ndani ya lenzi kinatuliza mkono wako. Ndege hakimtulizi.

Kwenye boti mambo ni mengine kabisa. Usiegemeze kiwiko wala stendi kwenye ubao, injini itakutikisia kila fremu. Kaa katikati, mikono ibanwe mbavuni, mwili wako uwe springi. Na mwombe nahodha azime mashine. Wengi hukubali ukiomba vizuri, hasa ukiwa umemletea chai.

Wa kujifunzia ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Wengine wanakimbilia furukombe kwa sababu ya umaarufu, lakini furukombe atakaa juu ya mti nusu saa, kisha akiruka wewe unafuta jasho. Mdiria husimama hewani akipiga mabawa, jicho chini, kabla ya kujitupa majini. Hizo sekunde chache zinatosha kumweka kwenye fokasi. Anza na 70 umtafute, ndipo uvute. Wengi huanza na 300, wakabaki kupiga picha za anga tupu.

Kuna swali pale nyuma? Kibadilishi cha mara mbili, kile cha kuongeza urefu wa lenzi? Kinakula stopu mbili, mwanangu, na kila stopu ni nusu ya mwanga. Kwenye 5.6 yako utabaki na 11, na fokasi ya kamera nyingi hapo itahangaika. Weka hiyo hela ya mafuta ya boti.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane Mwaloni, Kirumba, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Ombeni ruhusa kabla ya kumvuta mtu usoni, hata kama yuko mbali. Mwenye monopodi mbili, zile stendi za mguu mmoja, aje na zote.