Jinsi ya kusafiri peke yako na gari kuvua katithroti wanne wa Wyoming

Habari wadau, karibuni tena. Leo nawaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kusafiri na gari, wewe mwenyewe bila mwenzio, kwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, tena wa asili, kwenye vijito vya milimani kule Wyoming, Marekani. Nikisema wa asili namaanisha yule aliyekuwepo pale kabla hajaja mtu na ndoo ya samaki wa kwingine akaimwaga mtoni. Anaitwa katithroti, ukimshika ukamgeuza kidogo unaona chini ya taya mikato miwili myekundu kama mtu kapitisha kidole chenye rangi, na jina limetokea hapohapo kooni, kwa Kiingereza cutthroat, yaani aliyekatwa koo.

Wyoming kuna mpango unaitwa Cutt-Slam, ulianza 1996, uko chini ya idara yao ya wanyamapori na samaki, Wyoming Game and Fish. Unavua katithroti wa aina nne, kila mmoja kwenye maji yake ya asili, unampiga picha, unamrudisha majini, unatuma picha, wanakupa cheti. Hawakuwekei muda, unaweza kumaliza kwa wiki moja au kwa miaka kumi. Mimi nawaonyesha njia ya siku sita au saba hivi.

Hatua ya kwanza ni ramani, na naomba usiruke hapa ukakimbilia kwenye fimbo ya kuvulia. Wengi wanauliza kwanza nitumie chambo gani, mimi nakwambia jiulize kwanza haya maji yanaenda wapi. Angalia hapa kwenye skrini, hapa nilipoweka alama panaitwa Tri-Basin Divide, ni mgongo wa mlima ambapo mabonde matatu yanapeana mgongo. Mvua ikinyesha upande huu wa kaskazini inaingia Greys River, inakwenda Snake, inakwenda Columbia, inaishia Bahari ya Pasifiki. Ikinyesha upande huu inaingia Smiths Fork, halafu Bear River, halafu inaishia lile ziwa la chumvi la Utah, haifiki baharini kabisa. Na upande huu wa tatu inaingia LaBarge Creek, inakwenda Green River, inakwenda mto Colorado. Tone moja na jirani yake yameanguka pamoja ila hayatakutana tena, na samaki nao ni hivyohivyo, kila bonde limelea wa kwake kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo ukipaelewa hapa umeshapata samaki watatu kati ya wanne kwenye barabara moja. Mimi siku nilipopaona kwenye ramani sikulala, nakwambia kweli.

Pakua ramani zote za eneo kabla hujaondoka maana huko juu mtandao hakuna. Na chukua ramani inayoonyesha mipaka ya ardhi, ya mtu binafsi na ya serikali. Hili ni muhimu sana Wyoming, sheria yao inasema mwenye ardhi anamiliki hadi sakafu ya mto, yaani unaweza kupita juu ya maji na boti lakini ukikanyaga chini kwenye shamba la mtu umeingia kwake bila ruhusa hata kama umesimama katikati ya mto. Vijito hivi huviendei na boti, unavitembelea kwa miguu, kwa hiyo kaa ndani ya misitu ya taifa au omba ruhusa.

Leseni nunua mtandaoni kabla, soma na kanuni za kila eneo kwa sababu zinabadilika kijito kwa kijito.

Muda wa kwenda ni kati ya katikati ya Julai na Septemba. Kabla ya hapo theluji inayeyuka, maji yamejaa na yamechafuka, na barabara ya juu inaweza kuwa bado imefungwa na theluji hadi mwishoni mwa Juni.

Haya, gari. Si lazima liwe kubwa ila liwe limeinuka kidogo, na tairi za spea ziwe mbili kama unaweza. Nasema mbili kwa sababu mwaka juzi nilipata pancha huko ndani, mawe ya barabara ile yana makali, nikafunga spea, na maili zote zilizobaki nikawa naendesha kama nimebeba mayai maana ikipasuka nyingine sina kitu. Tangu siku hiyo nabeba mbili, pampu ya umeme ya kujazia upepo, vifaa vya kuziba pancha, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki isizame kwenye udongo. Fanya mazoezi ya kubadilisha tairi nyumbani, bolti zikigoma zikugomee nyumbani.

Na kwa kuwa uko peke yako, beba kifaa cha setilaiti cha kutuma meseji. Kila jioni namtumia ndugu yangu meseji moja, niko wapi na kesho naelekea kijito gani, na tumekubaliana kabisa kwamba isipofika hadi saa nne asubuhi anapiga simu kwa sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa polisi wa eneo hilo. Andika jina la kaunti na namba kwenye karatasi umwachie, usimwambie tu "ninaenda Wyoming", Wyoming ni kubwa.

Vifaa vya kuvulia havina mambo mengi. Fimbo namba 3 au 4, yaani nyepesi, urefu futi 7 na nusu, kwa sababu vijito ni vyembamba na miti imekuzunguka. Inzi bandia wachache, yaani zile ndoano zilizofungwa manyoya zikafanana na mdudu, mimi nabeba Parachute Adams, Elk Hair Caddis na panzi wa Agosti, inatosha. Halafu chukua plaizi, kile kijino cha ndoano kibane hadi kilale kabisa, pitisha kidole usikie kama ni laini. Hivi, unaona. Ndoano ikiwa laini inatoka kwenye mdomo wa samaki kwa kuigeuza tu na humtesi.

Sasa tuko mji mdogo wa Alpine. Jaza tanki hapa, kwa sababu kutoka hapa tunakamata Greys River Road, ni vumbi na changarawe zaidi ya maili 50 mpaka juu na usitegemee mafuta njiani. Mto unakwenda na wewe pembeni muda wote, ndiyo raha ya hii barabara. Hapa samaki wetu ni katithroti wa Snake River mwenye madoa madogomadogo, kama mtu kamnyunyizia pilipili manga kuanzia kichwani hadi mkiani. Egesha, tembea dakika ishirini mbali na barabara, ingia kwenye kijito kimojawapo kinachomwaga Greys.

Namna ya kukikaribia kijito ndiyo nusu ya kazi. Trauti anakaa kichwa kimeelekea maji yanapotoka, anasubiri chakula kije. Kwa hiyo wewe unatokea nyuma yake, unapanda kuelekea juu, polepole, unainama, mara nyingine napiga magoti kabisa. Kivuli chako kisitangulie majini. Angalia hapa kwenye video, hili jiwe, mbele yake maji yanakimbia, nyuma yake yametulia kama sahani, na ule mstari kati ya yanayokimbia na yaliyotulia ndipo anapokaa. Nafasi ya kurusha fimbo kwa nyuma hakuna, matawi yatakunyang'anya inzi, kwa hiyo shika inzi kwa vidole viwili, vuta mshipi fimbo ijipinde kama upinde, achia. Inzi anatua, sekunde moja, mbili... huyooo! Usivute kwa hasira, inua tu fimbo.

Akija, lowesha mikono kwanza kabla hujamgusa, ngozi yake ina utelezi unaomkinga na magonjwa na mkono mkavu unauondoa. Muache ndani ya wavu, wavu ndani ya maji. Kamera iwe tayari kwenye kijiti chake cha miguu mitatu, weka taima, ndiyo shida ya kuwa peke yako hiyo, hakuna wa kukupigia picha. Mimi nahesabu, nikimtoa majini nahesabu moja hadi tano anarudi. Kama picha haikutoka vizuri inatosha hivyohivyo, atavuliwa mwingine. Na beba kipimajoto, maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi acha kuvua siku hiyo, maji ya moto hayana hewa ya kutosha na samaki unayemrudisha anaweza kufa baadaye wewe ukiwa umeshaondoka ukidhani yuko salama.

Lala hapo bondeni, chakula chote kiwe ndani ya gari lililofungwa, hata dawa ya meno, maana dubu wapo.

Siku ya pili au ya tatu unafika juu Tri-Basin Divide. Simama, zima injini. Halafu chagua upande. Mimi huanza Smiths Fork, huyu wa hapa ni Bonneville, madoa yake ni makubwa kidogo, machache, yametawanyika mwilini mwote, rangi imetulia. Jina amelipata kwa ziwa la kale lililokuwa limefunika sehemu kubwa ya Utah enzi za barafu, lile ziwa la chumvi la leo ndilo baki lake. Huyu samaki ni mtoto wa ziwa ambalo halipo tena, na bado anaishi kwenye kijito unachoweza kukiruka!

Halafu unarudi unateremka LaBarge Creek, na hapa naomba nikae kidogo. Miaka ya nyuma katithroti wa hapa, yule wa Colorado River, alikuwa karibu kupotea kwenye kijito hiki, kwa sababu waliletwa trauti wa nje, hasa wale wa mashariki mwa Marekani (brook) na wale wa upinde wa mvua (rainbow). Wa mashariki wanamzidi kwa chakula na nafasi, wa upinde wa mvua wanazaana naye hadi damu yake inachanganyika yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idara ikaweka kizuizi chini ili wageni wasipande tena, wakayasafisha maji kwa dawa, wakawarudisha wa asili. Kwa hiyo ukimshika hapa jua watu wametoa jasho miaka mingi ili awepo. Huyu niliyemvua hapa ana urefu wa kiganja na nusu tu. Ona tumbo, rangi ya chungwa inageuka nyekundu, madoa yamekusanyika huku mkiani kama yamesukumwa na maji, na mashavu yanawaka. Mapezi ya chini yako wazi, unaona kidole changu kupitia kwake. Nimemwachia, amekaa kwenye kiganja kama sekunde tatu anapumua, halafu akaondoka bila haraka.

Wa nne ndiye wa mbali. Unashuka hadi La Barge, Farson, unapita South Pass, Lander, Riverton, Thermopolis, mpaka Meeteetse, siku nzima barabarani, kwa hiyo lala vizuri kabla. Kuna sehemu unapita ndani ya Wind River Reservation, ardhi ya makabila ya wenyeji, Eastern Shoshone na Northern Arapaho, na lile korongo la Wind River ni zuri mno utatamani kusimama urushe mshipi, lakini leseni ya jimbo haifanyi kazi hapo, unahitaji kibali cha makabila yenyewe. Heshimu hilo.

Kutoka Meeteetse unakwenda juu Wood River au Greybull, pita mashamba ya watu mpaka uingie Shoshone National Forest. Huku ndiko kwa katithroti wa Yellowstone, mwili wa dhahabu iliyofifia, madoa ya duara yanazidi kuelekea mkiani. Na huku kuna dubu wakubwa, grizli. Spreyi ya dubu, ile ya pilipili ya kumfukuzia, iwe kwenye mkanda kiunoni, sio ndani ya begi. Jizoeze kuitoa na kufungua kizuizi chake kwa mkono mmoja. Kelele za maji zinamziba dubu masikio asikusikie, kwa hiyo kwenye kona za vichaka mimi naita kwa sauti, naimba, napiga makofi, kisha ndipo napita.

Niliyempata alichukua panzi saa nane mchana, mawingu ya radi yameshaanza kujikusanya, nikampiga picha moja tu nikashuka. Ukisikia radi laza fimbo chini, ondoka majini, usisubiri samaki wa mwisho.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Kwa kila samaki andika tarehe na jina la kijito siku hiyohiyo, usiseme nitakumbuka. Ukipata mtandao tuma picha zote nne kupitia tovuti ya Game and Fish. Na kabla ya kuhamia bonde lingine, buti ulizovaa ziondoe tope lote kwa brashi, mwaga maji yote yaliyobaki kwenye vifaa, anika zikauke kabisa, ili usibebe viumbe vya maji haya ukavipeleka kwenye mengine, ndiyo maana mimi nabeba jozi mbili, moja miguuni na nyingine iko juani. Hizi mnazoziona juu ya paa la gari ni za Greys River, bado hazijakauka, kwa hiyo hazishuki.