Ndege ya mtumba yenye mwendo: saa chache zisikudanganye

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo siongelei bei, naongelea usalama wa ndege za mtumba za injini moja ila zenye mwendo, yaani zile ambazo kwa sheria za Marekani injini inazidi hospawa 200, Bonanza, Cessna 210, Cirrus SR22 na wenzake.

Kinachowaponza watu ni saa chache, yaani saa ambazo injini imefanya kazi. Mtu anaona tangazo, injini ina saa 300 tu tangu ovaholi, yaani tangu ifunguliwe yote na kufanywa upya, mate yanamtoka. Muulize ovaholi ilifanyika lini, unaambiwa miaka 20 iliyopita. Piga hesabu, ni saa 15 kwa mwaka, hiyo ndege ilikuwa imelala, na injini ikilala inakula kutu. Tena injini nyingi za Lycoming kamshafti, ile fimbo inayofungua vali, imekaa juu ya krankishafti, fimbo kuu inayozungusha propela, zikipita wiki nyingi bila kuruka oili yote inachuruzika chini, chuma kinabaki kikavu, unyevu unaingia, siku ukiwasha ile kutu inasaga kama msasa. Halafu muuzaji anakwambia naiwasha kila wiki, sasa hapo ndo anazidi kuiharibu, maana dakika kumi za kuunguruma chini oili haipati moto wa kukausha unyevu.

Mimi mwenyewe ilibaki kidogo niingie mkenge. Ndege inang'aa, viti vya ngozi, presha ya silinda zote imepimwa asubuhi na iko safi kabisa, nikawa nishaanza kukusanya hela. Fundi wangu (wangu, sio wa muuzaji, hilo lishikeni) akakata filta ya oili, akaikunjua ile karatasi juani, akapitisha sumaku. Vikanyanyuka vijichuma vinameremeta. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Maana presha ya silinda haikwambii chochote kuhusu kamshafti.

Mwili wa ndege nao una yake. Mei 2019 karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 iliyokuwa kwenye kazi ya upimaji ilichomoka bawa ikiwa angani, watu wawili wakafa, uchunguzi ukakuta ufa ulioanzia kwenye kitundu kidogo cha kutu kwenye boriti inayobeba mabawa. Boriti yenyewe iko juu ya kichwa chako, imefunikwa na dari, usipolifungua lile dari huioni, kwa hiyo lifungueni. Cirrus nayo ulizeni parashuti, ile inayoishusha ndege nzima, inadumu miaka 10 halafu inabadilishwa, na si hela ya soda. Na logibuku, daftari la matengenezo ya ndege, someni ukurasa kwa ukurasa, propela mpya isiyo na maelezo inaweza kumaanisha ile ya zamani iligonga lami, je injini ilifunguliwa ikakaguliwa au walibadilisha propela tu wakanyamaza?

Kisha kuna wewe rubani, na hapa wengi huwa wananuna. Bonanza ukiinamisha pua kidogo mawinguni mwendo unapanda hujakaa sawa, na kadri mafuta yanavyopungua uzito unasogea nyuma, kwa hiyo unaweza kuondoka uko ndani ya mipaka ya mizani ya ndege, ukatua uko nje. Fanya hesabu ya kutua pia, na watu wa siti za nyuma ukiwaweka kwa kilo zao za kweli sio za heshima. Mafunzo ya ndege hiyo hiyo tafuta mwalimu anayeirusha kila siku, kabla hujabeba familia.

Haya, nani ana swali?