Mnada unaomfanya mnunuzi aseme kweli

Wazee wangu, akina mama wa mwaloni, nanyi wanafunzi: shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Utafiti wangu wa uzamivu unahusu minada na hesabu za kompyuta, nami nitauanzia hapa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma.

Tuseme mama ana gunia la dagaa wakavu. Wanunuzi watatu wanaandika bei kwa siri: 180,000, 165,000 na 150,000. Kama mshindi analipa alichoandika, akili yake haiko tena kwenye dagaa. Anakisia wenzake wameandika ngapi ili ashushe. Mwaka 1961 mchumi William Vickrey alichambua kanuni nyingine: wa bei ya juu anachukua mzigo, ila analipa bei ya wa pili, 165,000. Sasa jaribuni kuuchezea. Yule anayeuthamini mzigo kwa 180,000 akiandika 170,000 bado analipa 165,000. Akiandika 160,000 anaukosa mzigo alioutaka. Akizidisha kuliko anavyouthamini, anaweza kushinda kwa hasara. Basi aandike kweli. Mama naye asione amepunjwa 15,000, maana kwa kanuni ya kwanza yule bwana asingeandika 180,000. Lakini wanunuzi wakila njama, kanuni hii haimkingi mama, na hilo lazima lisemwe wazi.

Shida huanza mwenye lori anapotaka magunia kadhaa kwa pamoja. Magunia 20 tu yanaunda mafungu tofauti zaidi ya milioni moja. Magunia 40, zaidi ya trilioni moja. Magunia na wanunuzi wakizidi kuwa wengi, kutafuta mgawo ulio bora kuliko yote kunaweza kuishinda hata kompyuta kubwa, kwa hiyo tunakadiria, yaani tunaridhika na mgawo unaoukaribia ule bora. Na hapa ndipo panaponinyima usingizi: mwaka 2000 wanasayansi wa kompyuta Noam Nisan na Amir Ronen walionyesha kwamba ukikadiria ovyo, ule ukweli unavunjika, na udanganyifu unaanza tena kulipa.

Kwa mnunuzi anayetaka fungu moja tu, dawa ipo. Hakikisha kwamba kupandisha bei hakumwondoi kamwe kwenye ushindi, kisha mtoze bei ya chini kabisa ambayo bado angeshinda nayo. Kwa mwenye mafungu mengi mbadala, yaani anayeweza kuridhika na hili au lile, hali ni ngumu zaidi, na huko ndiko ninakofanyia kazi.

Kwa hiyo kabla ya maswali yenu, nina langu kwa akina mama. Mwenye lori akikosa gunia moja kati ya aliyoyataka, huwa anaacha yote, au anachukua jingine?