Bonde Nililoliandika Tupu

Wenyeji wetu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma, hamjambo?

Mgeni akifika kwenye mgodi wa makaa ya mawe, macho yake hukimbilia shimo. Leo tuliache shimo. Tuzungumze juu ya ule udongo na mawe yanayoondolewa ili makaa yafikiwe, kisha yakamwagwa pembeni. Wenzetu wa dhahabu kule Geita huyaita magwangala. Shimo halina hiari, linachimbwa makaa yalipo. Magwangala yanafuata bei ya dizeli: humwagwa mahali ambapo lori halitahangaika. Na mara nyingi mahali hapo ni bondeni, kwa kuwa bonde ni bakuli lililokwisha kuchongwa.

Chukueni Ruvuma, upande wa Mbinga, ambako makaa ya Ngaka yamekuwa yakichimbwa tangu 2011. Ile ni nchi ya miombo. Vilimani mtakutana na miombo yenyewe, mininga, na mikusu ambayo matunda yake kila mtoto wa huko ameyaokota. Ukishuka bondeni miti inapungua, nyasi zinatawala, na masika maji yanatuama. Mtu akilitazama bonde la namna hiyo mwezi wa nane, moto umeshapita, atasema hapa hapana kitu.

Nami nimewahi kusema hivyo, tena kwa maandishi.

Nilipewa kazi ya kukagua mimea katika eneo ambalo mgodi mmoja, siutaji, ulitaka kupanulia jaa lake la magwangala. Ripoti ilitakiwa kabla ya mvua. Tukavuta kamba, tukapima unene wa miti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kama tulivyofundishwa. Bondeni nikaandika: "nyasi zilizoungua, mimea michache." Mzee aliyetuongoza alishinda kimya. Jioni tukikunja kamba, akachutama, akachokonoa udongo kwa ncha ya panga, akatoa viazi viwili vidogo vilivyoshikana, kimoja kimenyauka, kingine kigumu kama kidole gumba.

"Mwalimu, hiki umekiandika?"

Ilikuwa okidi, mmea wa maua unaojificha ardhini wakati wa kiangazi. Kile kilichonyauka kilikuwa cha mwaka uliopita. Kigumu kilikuwa kinasubiri mvua. Viazi vya okidi hizi huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa hadi Zambia, watu wakapika chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Maua kama hayo ni sehemu ya sababu iliyofanya Kitulo iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Na mimi nimeandika mimea michache!

Miombo nayo ina siri hiyohiyo. Mche waweza kukaa miaka na miaka ukiwa na urefu wa kiganja, unaungua kila kiangazi na kuchipua tena, huku mizizi yake ikinenepa chini. Mpima miti anauruka kwa sababu haufiki kwenye tepu yake. Uyoga wanaouza akina mama barabarani mvua zikianza, mwingi wake umefungamana na mizizi ya miti hiyo, hauoti kwingine. Ndiyo maana nasema udongo wa juu usirundikwe miaka ukaoza: uondolewe mapema kabla ya kifusi kumwagwa, upelekwe moja kwa moja mahali ambapo uoto unafufuliwa, mizizi ikiwa bado hai.

Majina nayo yanasumbua. Mmatengo atakupa lake, Mngoni atakupa lake, na yote mawili ni sahihi. Kata tawi lenye ua au tunda, likaushe katikati ya magazeti, lipeleke kwenye hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Tawi lisilo na ua litawafanya wataalamu wabishane mpaka chai ipoe.

Tathmini ya athari kwa mazingira imo katika sheria yetu ya mwaka 2004, hilo halina mjadala. Ugomvi wangu ni wa kalenda: mimea inakaguliwa mwezi gani. Kule New South Wales, Australia, chini ya sheria yao ya 2016, mmea adimu unaoonekana msimu fulani tu hupangiwa miezi ya kutafutwa. Usipoutafuta miezi hiyo, mojawapo ya njia unazobaki nazo ni kukubali kwamba upo, na kuulipia. Hapo mwenye mgodi hujifunza haraka sana kusubiri mvua.

Na msiishie kwenye mpaka wa jaa. Mawe ya makaa yakiwa na pirite, madini ya chuma na salfa, hewa na mvua huyafanya yatoe tindikali, nayo huteremka. Kagueni mpaka kijitoni.

Januari nilirudi kwa nauli yangu. Bonde lilikuwa limejaa maua, na katikati yake vigingi vyekundu vya wapima ardhi. Nikaandika nyongeza, kurasa mbili. Jaa lilisogezwa kidogo upande wa juu. Nusu ya bonde ilifukiwa.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, binti.